Beetle ya pwani: kufumua fila ya zamani na kutibu kutu iliyo chini yake

Ukigonga ubavu wa Volkswagen Beetle kwa kifundo cha kidole, bati lenye rangi yake tu linalia wazi, na penye fila nene (ujazo unaopakwa kusawazisha bati kabla ya rangi) sauti inazimika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakina gharama. Cha pili ni sumaku ndogo bapa iliyofungwa kitambaa chembamba ili isikwaruze rangi. Ipitishe taratibu chini ya milango, kuzunguka taa za mbele, nyuma ya madigadi ya nyuma na chini ya kioo cha nyuma. Ikishika kwa nguvu, bati liko karibu. Ikishika kwa ulegevu, kuna fila ya milimita moja au mbili. Ikidondoka, ama fila ni nene sana ama bati halipo tena. Mwenye kipimo cha unene wa rangi atasoma vizuri zaidi: rangi ya kiwandani huwa maikroni 100 hadi 150 hivi, rangi iliyorudiwa hufika 300, na ukiona namba imepita 1,000, yaani milimita moja, jua unapima fila.

Ujerumani iliacha kuunda Beetle za kawaida mwaka 1978, Mexico ikaendelea hadi 2003. Kwa hiyo Beetle nyingi zilizobaki Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja zimekaa kwenye hewa ya chumvi kwa miongo kadhaa na kupita mikononi mwa mafundi wengi wa bodi, kila mmoja akiweka koti lake juu ya la mwenzake. Ni magari yanayostahili kuokolewa. Yalishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na bati lake ni nene na rahisi kuunda kuliko la magari mengi ya leo. Lakini hayaokoki kwa kuongezewa fila juu ya fila.

Fila yenyewe haina kosa. Kosa ni kuipaka juu ya tundu au juu ya kutu. Fila ya poliesta ina unga wa talki, na ikiachwa wazi upande wa nyuma inanyonya unyevu na kuushikilia palepale kwenye bati. Kutu inapoota inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, basi inaisukuma fila kutoka nyuma. Unachokiona nje ni malengelenge madogo ya rangi, kisha ufa mwembamba unaofuata ukingo wa fila. Malengelenge yakionekana, kazi ya ndani imeshaharibika siku nyingi.

Ndiyo maana usikubali grenda iguse gari kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Kwenye Beetle njia zake zinajulikana. Raba za vioo zikikauka, maji hushuka kioo cha mbele hadi kwenye sakafu, na kioo cha nyuma hadi nafasi ya mizigo nyuma ya kiti. Matundu ya kutolea maji chini ya milango huzibwa na fila au rangi, mlango ukageuka ndoo. Beetle za mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea zina matundu ya hewa mbele ya kioo, na chini yake kuna kisanduku chenye mpira wa kutolea maji. Mpira ukiziba kwa majani, maji hufurika ndani. Sehemu ya mbele inayobeba tairi la akiba hukusanya maji yanayopita raba ya boneti. Na nyuma ya magurudumu ya mbele, pale madigadi yanapokutana na ubao wa kukanyagia, matope hujazana na kubaki mabichi wiki nzima baada ya mvua. Mwagilia gari maji kwa mpira, mtu mmoja akae ndani na tochi, zulia likiwa limetolewa. Nusu saa ya kazi hiyo inakuambia zaidi ya siku nzima ya kusaga.

Betri inahitaji neno lake. Beetle huiweka chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, moja kwa moja juu ya sakafu. Asidi ikimwagika inakula bati la hapo mpaka unaona lami ya barabara. Kabla ya kukata, osha eneo hilo kwa maji yaliyochanganywa na magadi soda mpaka povu likome, suuza kwa maji matupu, kausha. Ukichomelea bati lenye mabaki ya asidi, kiraka kitaanza kuota kutu kabla rangi haijazoea. Ukimaliza, rudisha kifuniko cha betri, au tengeneza kingine cha plastiki ngumu. Springi za kiti zikibonyea na kugusa vichwa vya betri, kiti kinawaka moto. Hilo limeteketeza Beetle nyingi duniani.

Kabla ya cheche yoyote, toa betri na tangi la mafuta. Tangi la Beetle liko mbele, chini ya boneti, nyuma ya tairi la akiba. Fundi aliyezoea magari yenye tangi nyuma anaweza kuchomelea sehemu ya mbele bila kulikumbuka. Usilifunike kwa gunia bichi ukaona inatosha. Litoe, liweke mbali, ziba mpira wake.

Madigadi yamefungwa kwa boliti za M8 (za kipenyo cha milimita 8), na hilo ni jambo zuri: yakitoka unaona bati lote la ubavuni. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu jioni, urudie asubuhi. Boliti isiyotaka kuzunguka isilazimishwe kwa spana ndefu, maana nati yake imechomelewa ndani ya bodi, na ikijitoa utakuwa unazungusha hewa. Ipashe moto kidogo, izungushe mbele na nyuma. Ikikatika, toboa katikati kwa biti ya milimita 6.8 na upitishe tepu (kifaa cha kukata nyuzi za boliti) ya M8 yenye hatua ya milimita 1.25.

Sasa fila. Usiichome kwa mtungi wa gesi. Moshi wake ni sumu, na moto wa gesi unapinda bati kabla hujatambua. Tumia mashine ya hewa ya moto, fila ilainike, kisha iinue kwa skrepa yenye makali. Inayobaki isage kwa disiki ya msasa namba 36 au 40, kwa mzunguko wa taratibu, ukihamahama ili bati lisipate moto mahali pamoja. Brashi ya waya haifai hapa, inang'arisha fila tu. Vaa barakoa ya vumbi inayobana usoni. Rangi za zamani zina madini ya risasi, na kwenye baadhi ya mishono kiwanda chenyewe kilijaza risasi badala ya fila. Ukikutana na chuma laini cha kijivu kinachong'aa ukikikwangua kwa kisu, simama. Usikisage kuwa vumbi. Kama kimeshika vizuri kiache, ni bora kuliko fila yoyote utakayoiweka.

Unachokikuta chini kina maana yake. Fila nyembamba juu ya bati zima lenye alama za nyundo ni kazi ya fundi aliyenyoosha kwanza; hapo unahitaji kusafisha tu. Fila iliyojaa nyuzi za faiba, wavu wa waya, magazeti au simenti maana yake kuna tundu, na tundu ni kubwa kuliko fila. Kipande cha bati kilichopigwa ribiti juu ya bati bovu kimeficha kutu kati ya mabati mawili. Na ukiona rangi ya dhahabu kwenye maungio, huo ni mshono wa shaba wa gesi. Ukate wote mpaka ufike chuma safi. Welding ya MIG (ya umeme, yenye waya unaojisukuma wenyewe na gesi ya kulinda mshono) juu ya shaba inatoa vipovu na nyufa, na watu wengi hulaumu mashine wakati tatizo liko chini ya waya.

Baada ya kufumua, chukua bisibisi butu uchome kila penye wasiwasi. Zima taa usiku, weka tochi nyuma ya bati: vitundu vya sindano vitaonekana kama nyota, na kila kimoja ni mlango wa maji.

Kutu ya juujuu huondoka kwa msasa namba 80. Kutu ya vishimo ndiyo inayodanganya. Bati linang'aa, lakini chini ya kila kishimo kuna doa jeusi. Doa hilo ni kutu hai. Hapo tumia dawa ya asidi ya fosforiki, iache ikiwa imelowa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, isugue kwa brashi, isuuze na uikaushe kwa hewa ya moto. Kusuuza si hiari. Asidi ikibaki inazuia fila ya poliesta isikauke na inaifanya epoksi praima (rangi ya msingi ya epoksi) ibanduke kama ganda. Kwa pwani, kuna kipimo kimoja cha uhakika: acha bati safi, kavu, chini ya paa hadi asubuhi. Likipata wekundu mwembamba kote, huo ni unyevu wa hewa tu. Likitoka madoa mekundu palepale penye vishimo, chumvi bado imo. Osha tena kwa maji baridi safi, sugua, kausha, rudia.

Kuhusu kupuliza mchanga: mchanga wa ufukweni una chumvi, kwa hiyo unapanda kutu mpya ndani ya ile unayoitoa. Mchanga wowote wa silika unaharibu mapafu ya anayepuliza na ya jirani yake. Tumia garneti au mabaki ya madini yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mgandamizo uwe mdogo, kama psi 40 au chini yake, na usipulize boneti, paa wala milango bapa kabisa. Bati hutanuka kwa kupigwa, na boneti iliyotanuka hairudi.

Sehemu inayoamua kama Beetle itaishi ni sili, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Ndani yake kuna bomba linalopeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi mbele. Mwenye gari Mombasa haoni haja ya hewa ya moto, lakini hewa hiyohiyo ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo wakati wa masika. Na zaidi ya hapo, sili ndizo mbavu za bodi. Zikioza, mlango unashuka, ukiufunga unapiga nguzo, na nyufa zinaanza kwenye kona za fremu ya kioo. Marekebisho mabovu mawili yanajirudia. La kwanza ni kuvika bati jipya juu ya sili iliyooza, ikang'aa nje huku nguvu haipo. La pili ni kujaza povu linalofura. Povu linashika maji kama sifongo, na ukichomelea karibu nalo linatoa moshi wa hatari.

Mpangilio wa kazi una sababu yake. Tengeneza sakafu kwanza, maana sili inafungwa juu yake kwa boliti. Kisha, milango ikiwa bado inaning'inia na kufunga, chomelea bomba la mraba la milimita 25 kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya nyuma, pande zote mbili, na lingine kutoka kushoto hadi kulia. Yaweke upande wa ndani ili mlango uendelee kufunga. Andika mwanya wa mlango juu, katikati na chini kwenye karatasi. Fanya upande mmoja, maliza, ndipo uhamie wa pili. Weka raba inayokaa kati ya bodi na sakafu kabla ya kushikiza sili mpya, kisha kaza boliti. Fundi akishikiza sili bila raba, siku ya kuiweka bodi inainuka kwa unene wa raba hiyo na kila mwanya unabadilika. Shikiza kwa vidoto vya welding, funga mlango, pima. Mlango ukigusa popote, kata vidoto, sogeza. Baada ya kuchomelea kote hakuna kusogeza tena.

Kwa viraka vya ubavuni tumia shiti laini isiyo na zinki ya geji 20, karibu milimita 0.9, na geji 18 kwa sakafu na mahali pa jeki. Mabati ya kuezekea yasitumike. Ni membamba, na zinki yake ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa usiku, huku mshono ukijaa matundu. Kata bati bovu mpaka uingie milimita 20 hivi ndani ya bati zima. Kona za kiraka zizungushe, zisiwe kali, kwa sababu joto hujikusanya kwenye kona na bati hujipinda kuanzia hapo.

Unga ncha kwa ncha inapowezekana, ukiacha mwanya wa unene wa bati. Kupandisha bati juu ya bati ni rahisi kwa mkono, ila unatengeneza mfuko wa maji. Ukilazimika, paka pande zinazogusana praima ya zinki inayovumilia welding na uzibe mshono pande zote mbili. Waya wa MIG wa milimita 0.6 unatosha, na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi inatoa moto tulivu kuliko kaboni dayoksaidi peke yake. Piga kidoto, ruka mpaka upande wa pili, piga kingine. Ukiwa na vidoto kila milimita 25, jaza katikati yake kimoja kimoja, na usipige kinachofuata mpaka uweze kuweka kiganja juu ya bati. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Bati likipata moto mrefu linasinyaa mshononi na kujaa mawimbi pembeni. Ukilibonyeza linaingia, ukiliachia linarudi kwa mlio. Dawa ni kuuweka mshono kati ya nyundo na doli (chuma kizito kinachoshikwa nyuma ya bati) na kuugonga taratibu ili utanuke tena, kabla hujausaga sawa. Fimbo za welding ya umeme za milimita 2.5 hazifai kwa bodi. Gereji isiyo na MIG imtafute fundi wa gesi mwenye mkono mwepesi, na atumie waya wa chuma, asitumie shaba.

Mshono ukishalainishwa, safisha mafuta kwa kitambaa kipya, usiguse kwa mkono mtupu maana jasho ni chumvi, na piga epoksi praima siku hiyohiyo. Pwani bati tupu halilali nje. Kabla ya kupiga, toa maji kwenye tangi la kompresa na uangalie kichujio cha maji kwenye mpira. Epoksi ikishakauka, ikwaruze kwa namba 80 pale tu fila itakapokaa. Usiweke fila juu ya praima ya asidi.

Hapo ndipo fila inaingia, na ikiingia kwa heshima ni kitu kizuri. Lengo ni unene usiozidi milimita 3 baada ya kusugua. Ukihitaji zaidi, rudi kwenye nyundo. Kipimo cha kawaida cha hardina (dawa ya kuigandisha fila) ni asilimia 2 ya uzito, yaani gramu 2 kwa gramu 100 za fila, kwa hewa ya nyuzi 20 hivi. Kwa nyuzi 30 na zaidi shuka hadi asilimia 1 au 1.5, ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye kopo, na uchanganye kidogo kidogo kwa sababu utakuwa na dakika tatu au nne tu. Hardina ikizidi, fila inakauka haraka na kupasuka, na perokside yake inapenya rangi ikaacha doa la manjano baada ya wiki kadhaa. Ikipungua, fila inabaki yenye gundi na kuziba msasa. Changanya kwa kusukuma na kukunja juu ya kioo au plastiki bapa, usikoroge kama uji, kwani kukoroga kunaingiza hewa na kila kipovu kitakuwa tundu la sindano. Usichanganyie juu ya kadibodi, inanyonya kemikali. Koti la kwanza lisukume kwa nguvu liingie kwenye mikwaruzo, la pili lijaze.

Sugua kwa ubao mrefu wenye msasa namba 80, kwa mshazari, ukibadilisha mwelekeo. Fuata na 120 au 180, umalizie 240. Kiganja peke yake kinafuata mabonde badala ya kuyaondoa. Sugua fila ikiwa kavu daima. Maji kwenye fila ndiyo ugonjwa uleule uliokuwa unautibu. Mbavu za Beetle ni za mviringo kila upande, kwa hiyo kata kipande cha bomba laini la raba ulizungushie msasa; ubao mnyoofu utakuachia sehemu bapa zitakazoonekana jua likiwa chini.

Praima nene ya kujazia makoti mawili au matatu, kisha nyunyizia ukungu mwepesi wa rangi nyeusi juu yake, sugua kwa 400. Weusi unaobaki ni shimo, bati au praima inayotokeza ni kilima. Rangi ya mwisho sitaikalia sana. Kitu kimoja tu: rangi zenye hardina zina aisosianeti, kemikali yenye sumu ikivutwa, na kitambaa mdomoni hakizuii chochote. Mpuliziaji anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi, na watu wengine waondoke eneo hilo.

Rangi ikishakauka kabisa, ndipo unalinda ndani. Pulizia nta ya uvunguni kwenye sili, ndani ya milango, na kwenye nguzo kupitia matundu ya asili, kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachotawanya pande zote. Ukipulizia nta kabla ya rangi, mvuke wake utaharibu rangi. Ukiipulizia kabla ya welding, itawaka. Mafuta machafu ya injini yanayopakwa chini ya magari mengi yanazuia kutu kwa muda, ila yanaozesha raba za bodi, na siku ya kurudia kazi hakuna praima itakayoshika. Lami nyeusi iwekwe juu ya epoksi safi tu, kwa sababu juu ya kutu inakauka, inapasuka na kufunga maji ndani.

Malizia kwa waya mwembamba: upitishe kwenye kila tundu la kutolea maji chini ya milango na kwenye mpira wa kisanduku cha hewa, maana nta na rangi huziba. Mwaga lita moja ya maji ndani ya kila mlango, juu, karibu na kioo. Yatoke yote chini ndani ya dakika moja. Rudia hivyo kila kabla ya masika na kabla ya vuli.